Montessori: Aliifundisha dunia kulea watoto, wake akalelewa na wengine

Ukipita mitaa ya Dar es Salaam, Arusha au Nairobi hukosi kuona kibao cha chekechea kilichoandikwa Montessori. Wengi hudhani ni aina ya shule tu. Kumbe ni jina la mtu, daktari wa Kiitaliano, na nyuma ya jina hilo kuna mtoto aliyefichwa kwa miaka mingi.

Maria Montessori alizaliwa 31 Agosti 1870 mjini Chiaravalle, Italia. Alihitimu udaktari Roma mwaka 1896, enzi ambazo madaktari wanawake nchini mwake walihesabika kwa vidole. Kazi ilimkutanisha na watoto wenye ulemavu wa akili, na pia na daktari mwenzake, Giuseppe Montesano.

Mwaka 1898 akajifungua mtoto wa kiume, Mario. Wawili hao hawakuwa wameoana, na kwa Italia ya wakati ule habari hiyo ingezima kazi yake yote. Mtoto akapelekwa kijijini kulelewa na familia nyingine. Mama alikuwa akienda kumwona, lakini kama mgeni tu. Montesano akaoa mwanamke mwingine.

Tarehe 6 Januari 1907 Maria alifungua Nyumba ya Watoto huko San Lorenzo, mtaa wa maskini jijini Roma. Wazazi walishinda kazini, watoto wakabaki wanazurura na kuchafua kuta. Aliwapa meza na viti vya kimo chao, herufi za kupapasa kwa vidole na vipande vya mbao vya kupachika kwenye matundu. Kisha akakaa kuwatazama. Binti mmoja wa kama miaka mitatu alirudia kupachika vipande vile zaidi ya mara 40, wenzake wakiimba pembeni, bila hata kugeuka. Hapo ndipo Maria alipoona kwamba mtoto akipata kazi inayomfaa, huhitaji kumlazimisha wala kumchapa.

Mario alikuja kuishi naye akiwa na miaka kama 15. Lakini mbele za watu aliitwa mpwa, au mtoto wa kulea. Akawa msaidizi na mkalimani wa mama yake.

Mwanzoni serikali ya Mussolini ilizibeba shule hizo, na Maria alikubali kubebwa. Doa hilo halifutiki. Walipokosana, mwaka 1934, akaondoka. Akakaa Hispania, vita vya 1936 vikamtoa, akahamia Uholanzi.

Mwaka 1939, karibu anatimiza miaka 70, alialikwa India kufundisha walimu karibu na Madras. Alifundisha kwa Kiitaliano, Mario akitafsiri kwa Kiingereza. Juni 1940 Italia ikaingia vitani dhidi ya Uingereza, na India ilikuwa koloni la Mwingereza. Mara moja wakawa raia wa adui. Mario akapelekwa kambini, mama akazuiwa asitoke alikokuwa akiishi.

Ilipofika 31 Agosti, siku ya kutimiza miaka 70, ikaja simu ya maandishi kutoka kwa mtawala wa Kiingereza: zawadi yake ni kurudishiwa mwanawe. Mwanawe, si mpwa. Neno alilolikwepa kwa miaka 42 liliandikwa na serikali iliyomshikilia.

Wakahamia Kodaikanal, mji wa milimani wenye baridi. Huko mama na mwana walitengeneza mtaala wa watoto wa miaka 6 hadi 12. Haukuanza na historia ya taifa lolote. Ulianza na ulimwengu mzima, kisha dunia, mimea, wanyama na watu, ili mtoto wa popote ajione yumo. Watoto walitembea porini wakiokota majani na kuchunguza wadudu. Si jambo dogo, kwa watu wawili waliokuwa wamezuiwa kwa sababu ya pasipoti zao.

Hadi wanaondoka mwaka 1946, walimu zaidi ya 1,000 walikuwa wamepitia mikononi mwao.

Mei 1952, huko Noordwijk, Uholanzi, Maria alikuwa akizungumzia safari ya Afrika, Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Akafariki tarehe 6 akiwa na miaka 81, kabla ya kufunga safari hiyo. Mario aliiendeleza kazi hadi naye alipofariki mwaka 1982.