Henri Matisse na Nguo za Wakuba

Katika misitu ya Tshopo, mahali penye maji mengi, huota mti uitwao mwale. Majani yake hutoa nyuzi za rafia. Watoto wa Bengamisa huenda wanazijua nyuzi hizo. Lakini ni wachache wajuao kwamba nguo za rafia za Kongo zilimsaidia mchoraji mkubwa wa Ulaya katika uzee na ugonjwa wake. Mchoraji huyo ni Henri Matisse.

Matisse alizaliwa tarehe 31 Desemba 1869, huko Le Cateau-Cambrésis, kaskazini ya Ufaransa. Alilelewa Bohain, mji wa wafumaji, na babu zake pia walikuwa wafumaji. Basi tangu utoto macho yake yalizoea nyuzi na rangi. Alipokua alisoma sheria, akawa karani. Alipokuwa na umri wa miaka 20 aliugua tumbo, akalala kitandani siku nyingi. Mama yake akamletea sanduku la rangi apate kujifurahisha. Tangu hapo kijana hakutaka tena ukarani. Baba yake hakupendezwa, lakini Henri akaenda Paris kujifunza kuchora.

Mwaka 1906 aliona katika duka moja la Paris sanamu ndogo ya mti. Ilikuwa kazi ya Wavili, watu wa pwani karibu na mlango wa mto Kongo. Akainunua, akamwonyesha mchoraji mwenzake, Picasso. Wakati ule watu wengi wa Ulaya walivihesabu vitu vya Afrika kuwa vioja tu. Matisse aliona vingine. Aliona kwamba mchongaji hakuuiga mwili kama ulivyo. Alichagua yaliyo ya maana, akayaacha mengine.

Baadaye Matisse alikusanya nguo za Wakuba. Wakuba ni watu wa Kasai, mbali sana kusini-magharibi ya Bengamisa, ng'ambo ya mto Kongo. Kwao wanaume hufuma kitambaa cha rafia. Wanawake hukitarizi kwa sindano, kisha huzikata ncha za nyuzi kwa kisu kidogo, mpaka kitambaa kiwe laini kama mahameli. Mtarizi hachori kwanza, kwa maana nakshi zimo kichwani mwake. Huanza na nakshi moja, na katikati huigeuza, hata jicho la mtazamaji halichoki. Kitambaa kimoja chaweza kuchukua miezi mingi. Nguo hizo zina heshima kubwa, na Wakuba huwazika wafu wao nazo.

Mwaka 1941 Matisse alipatwa na ugonjwa mbaya wa tumbo, akapasuliwa. Alipona, lakini hakuweza tena kusimama muda mrefu mbele ya picha. Mzee wa miaka 71 angeweza kusema kwamba kazi yake imekwisha. Yeye alishika mkasi. Wasaidizi wake walipaka karatasi rangi, naye, akiwa kitandani au katika kiti cha magurudumu, akazikata kwa mifano ya majani, ndege na nyota. Kisha karatasi zikabandikwa ukutani.

Mwaka 1943, wakati wa vita, alihamia mji wa Vence, kusini ya Ufaransa. Katika nyumba yake alitundika ukutani nguo za Wakuba. Alizitazama saa nyingi, akingoja zimfundishe kitu. Wajuzi waliozilinganisha nguo hizo na karatasi zake wameona undugu kati yake: mifano michache, rangi zisizochanganywa, na nakshi inayogeuka bila kuvunja umoja wa kazi nzima.

Katika ugonjwa wake Matisse aliuguzwa na msichana mmoja, Monique Bourgeois. Baadaye msichana huyo aliingia utawa wa Mtakatifu Dominiko, akaitwa Sista Jacques-Marie. Masista wa Vence walihitaji kikanisa, na Sista akamwomba mzee ushauri. Matisse hakuwa mtu wa kwenda kanisani, lakini aliifanya kazi hiyo kwa moyo wote, tangu mwaka 1948 hadi 1951. Kwa karatasi na mkasi alipanga madirisha ya vioo vya rangi ya manjano, kijani na buluu. Vivyo hivyo alipanga kasula za padri. Ili kuchora ukutani alifunga kaa la kuchorea kwenye fimbo ndefu ya mwanzi. Askofu alikibariki kikanisa tarehe 25 Juni 1951. Matisse hakuweza kuhudhuria kwa sababu ya ugonjwa. Alikufa huko Nice tarehe 3 Novemba 1954.

Jina la Matisse limeandikwa katika vitabu vingi. Majina ya wanawake waliozitarizi nguo zile hayakuandikwa. Nguo zilinunuliwa, zikavuka bahari, na majina ya mafundi yakabaki nyuma. Walimfundisha mtu mkubwa, wala hawakupata habari.

Kwa hiyo mwanafunzi mwenye nyanya ajuaye kusuka mkeka au kufinyanga chungu, amwulize kazi hiyo hufanywaje, na ni nani aliyemfundisha. Kisha aandike jina hilo katika daftari yake, lisipotee.