Ibn al-Haytham na tundu la mwanga

Imekuwa kawaida katika mihadhara yetu kusikia kwamba kila kijulikanacho kuhusu mwanga kiligunduliwa na Ibn al-Haytham. Mimi ninayesomesha vijana historia ya Uislamu naona huko ni kumdhulumu. Aliyoyafanya yanamtosha.

Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham alizaliwa Basra, Iraq, yapata mwaka 965. Wanahistoria wanasimulia kuwa alidai anaweza kuyadhibiti maji ya Mto Nile, na al-Hakim, mtawala wa Kifatimi wa Misri, akamwita. Alipofika upande wa Aswan akaona kazi ile haiwezekani. Kwa kumhofia mtawala, akajifanya mwendawazimu, akafungiwa nyumbani mpaka al-Hakim alipotoweka mwaka 1021. Baadaye aliishi jirani na al-Azhar akijipatia riziki kwa kunakili vitabu vya hesabu. Mwanachuoni wa daraja ile! Alifariki Cairo yapata mwaka 1040.

Kitabu chake, Kitab al-Manazir, kina sehemu saba. Euclid na Ptolemy walishikilia kuwa jicho ndilo linalotoa miale. Yeye akahoji: mbona kulitazama jua kunaliumiza jicho? Mwanga ndio unaoliingia. Sehemu ya saba inachunguza jinsi mwanga unavyopinda ukitoka hewani kuingia majini au kwenye kioo, ingawa kanuni ya kupima mpindo huo ilikwisha andikwa na Ibn Sahl wa Baghdad yapata mwaka 984.

Katika risala nyingine alichunguza mwanga wa jua lililopatwa ukipita tunduni. Tundu likiwa dogo, ukutani huonekana umbo la mundu. Likiwa kubwa, mundu hupotea. Maelezo yake yote yalisimama juu ya msingi kwamba mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka.

Hapo ndipo alipoishia. Ukizidi kulibana tundu lile, mwanga hupinda kwenye kingo zake na kusambaa, kama mawimbi ya bahari yanapopita mlango mwembamba. Hilo hakuliona. Aliyeliona ni padri wa Bologna, Italia, Francesco Maria Grimaldi, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1665, miaka miwili baada ya kufa kwake. Wakati huo Manazir ilikwisha chapwa kwa Kilatini mjini Basel tangu 1572. Grimaldi aliingiza mwanga wa jua katika chumba cha giza kupitia tundu jembamba, akapima doa lake, akalikuta pana kuliko mistari iliyonyooka inavyoruhusu.