Karani wa forodha na vitabu ambavyo hakuviona

Mpendwa msomaji, ukitoka misa ya asubuhi katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, pale mbele ya bandari, ukatembea kwa miguu kuelekea upande wa Ikulu, baada ya muda mfupi utafika kwenye barabara yenye Makumbusho ya Taifa. Barabara hiyo inaitwa Shaaban Robert. Wengi tunaipita kila wiki bila kumfikiria mwenye jina. Watoto wa Upanga wanalijua kwa sababu ya shule ya sekondari. Watu wa umri wangu wanalikumbuka kwa sababu ya vitabu vya darasani. Lakini ni wachache wanaojua kwamba mtu huyu, ambaye hadi leo hakuna anayezungumzia fasihi ya Kiswahili bila kumtaja, karibu maisha yake yote ya kazi aliishi kwa mshahara wa karani.

Dominika ya leo nataka tutembee naye kidogo. Najua swali lako: Padre, mbona huyu hakuwa Mkristo? Ni kweli. Lisikudanganye jina la Robert. Alikuwa Mwislamu, na aliishika dini yake mpaka mwisho. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 kuhusu dini nyingine, ulitufundisha kuheshimu ukweli na utakatifu popote tunapoukuta. Na Bwana wetu mwenyewe alipotaka kuwaonyesha watu wake imani kubwa, aliwaonyesha akida wa Kirumi. Alipotaka kuwaonyesha upendo wa jirani, aliwasimulia habari za Msamaria. Basi nasi tusione haya kujifunza uvumilivu kwa jirani yetu.

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, Machui, kusini mwa mji wa Tanga. Mwaka 1922, akiwa kijana mdogo, alikuja kusoma hapa Dar es Salaam, akakaa hadi 1926. Hebu fikiria Dar es Salaam ya siku zile. Vita Kuu ilikuwa imekwisha miaka michache tu. Mwingereza alikuwa amekalia kiti cha Mjerumani. Kariakoo ilikuwa bado na harufu ya kambi ya wapagazi wa jeshi iliyoipa jina lake. Mwaka 1923 gazeti la Mambo Leo lilianza kuchapwa mjini humu, na ndilo ambalo miaka ya baadaye lingebeba mashairi ya kijana huyu na kuyafikisha kwa wasomaji wa nchi nzima.

Alipomaliza shule mwaka 1926, aliajiriwa katika idara ya forodha. Alidumu humo miaka 18, hadi 1944, akihudumu Pangani na sehemu nyingine za pwani. Ndugu yangu unayefanya kazi bandarini, nawe wakala wa forodha unayezunguka na mafaili kutoka dirisha moja hadi lingine, wewe unaijua kazi ile kuliko mimi: kuhesabu, kuandika, kukagua, kupiga mhuri, na kesho kuanza upya. Baadaye alihamishiwa bara, Mpwapwa. Mwaka 1946 akarudi Tanga katika ofisi ya serikali, na kuanzia 1952 hadi 1960 akawa katika idara ya upimaji ardhi. Ukijumlisha, ni miaka 34 ya kuandika maneno ya watu wengine, katika serikali ya kikoloni ambayo Mwafrika hakutarajiwa kupanda mbali ndani yake.

Wakati wa kuandika maneno yake mwenyewe aliupata wapi? Hakuwa na mfadhili wala likizo ya mwandishi. Alikuwa na kile ulicho nacho wewe: saa zinazobaki baada ya kazi, mtu akiwa amechoka, nyumba ina mahitaji, na kesho kuna zamu.

Wala usidhani nyumbani kwake palikuwa shwari. Mkewe Amina alifariki mapema, akamwachia watoto wa kulea. Wengi wetu tungeiweka kalamu chini hapo, na hakuna ambaye angetulaumu. Yeye aliuingiza msiba wake ndani ya kazi yake. Alitunga shairi la kumwombolezea Amina. Akatunga pia tenzi mbili ndefu za mawaidha, moja kwa binti yake na nyingine kwa mwanawe wa kiume, ili wawe na neno la mzazi la kushika mkononi. Tenzi hizo zipo katika kitabu chake cha Maisha Yangu. Kwa hiyo msomaji usione kwamba familia ilikuwa kikwazo cha uandishi wake. Baadhi ya kazi zake zilizopendwa sana zilitoka moja kwa moja kwenye wajibu wa baba.

Kitabu chake cha kwanza cha mashairi, Pambo la Lugha, kilitoka mwishoni mwa miaka ya 1940, tena kilichapwa mbali, Johannesburg. Maisha Yangu kilitoka 1949, na Kusadikika kikafuata 1951. Hesabu mwenyewe: alikuwa ameshapita miaka 20 katika ukarani, naye anakaribia umri wa miaka 40, ndipo vitabu vyake vikaanza kushikwa na wasomaji.

Heshima zilikuja pia. Alipewa tuzo ya Margaret Wrong, iliyoitwa kwa jina la mama mmoja wa Kanada aliyetumia maisha yake kuhimiza vitabu vya Kikristo katika Afrika, na ambaye alifariki Uganda mwaka 1948. Tafakari jambo hilo: tuzo yenye jina la mtumishi wa misioni ikavishwa shingoni mwa Mwislamu wa Tanga, kwa sababu ya kazi njema. Serikali ya Uingereza nayo ikampa nishani. Aliingia katika kamati za lugha ya Kiswahili. Lakini nishani haikumfanya tajiri.

Hapa ndipo nataka uongeze umakini. Ndugu yake mmoja, Yusuf Ulenge, naye alikuwa mwandishi. Shaaban alimwandikia barua kwa miaka mingi, kuanzia 1931 hadi 1958, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikazichapa mwaka 2002. Anayezisoma hamkuti mtakatifu wa kwenye picha, aliyetulia na kukunja mikono. Anamkuta mtu mwenye shida za fedha na mahangaiko ya wachapishaji, anayefuatilia miswada yake na kuhesabu haki yake. Alivumilia, lakini hakunyamaza.

Nasema hivi kwa sababu neno uvumilivu tumelitumia vibaya sana makanisani mwetu. Tumemwambia mfanyakazi asiyelipwa avumilie. Tumemwambia mama anayeonewa avumilie. Uvumilivu wa Injili haumzuii mtu kudai haki yake. Yule mjane katika Luka sura ya 18 alikuwa mvumilivu, na uvumilivu wake ulikuwa wa kurudi mlangoni kwa hakimu mpaka hakimu akachoka. Mvumilivu haachi kazi yake, na haachi kuuliza. Anachokiacha ni uchungu wa moyo na njia ya mkato.

Naye mwandishi wetu aliliweka somo hilo ndani ya hadithi. Katika Kusadikika, nchi iliyo angani, kijana Karama anashtakiwa kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria. Siku zinapita mahakamani, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali kutafuta mema ya nchi. Wote walirudi na hazina ya maarifa, na wote malipo yao yakawa kifungo. Karama hapigi kelele wala hatukani. Anasimulia kwa utaratibu, mjumbe baada ya mjumbe, hadi wakubwa wanatambua dhuluma yao wenyewe. Kitabu hicho kilitoka chini ya ukoloni, kikiandikwa na karani wa serikali hiyohiyo. Aliyekuwa na masikio alisikia.

Sasa tufike mwisho wa safari yake. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipata uhuru. Juni 1962 Shaaban Robert akafariki, akiwa na umri wa miaka 53. Aliuonja uhuru kwa takribani nusu mwaka tu. Na vitabu vyake? Utenzi wake mkubwa kuhusu Vita ya Pili ya Dunia, wenye beti zipatazo 3,000, ulichapwa mwaka 1967. Kufikirika, alichokiandika katika miaka ya 1940, nacho kikatoka baada ya kifo chake. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilitoka 1968. Vitabu ambavyo wewe na mimi tulivikuta kwenye kabati la shule, mwenyewe hakuwahi kuvishika vikiwa na jalada.

Ninapolifikiria hilo namkumbuka Musa juu ya mlima Nebo, katika sura ya mwisho ya Kumbukumbu la Torati. Miaka 40 jangwani, kisha anaonyeshwa nchi kwa macho, na miguu yake haikanyagi. Kwa hesabu za sokoni, huyo amepata hasara. Kwa hesabu za Mungu, Musa alikuwa amekwisha kufanya kazi yake, na kuvuka ilikuwa zamu ya Yoshua.

Mpendwa msomaji, ofisini kwangu parokiani huja vijana wenye madaftari. Mmoja ana riwaya, mwingine ana nyimbo, mwingine ana ndoto ya kumaliza shahada aliyoiacha njiani. Mchana wapo Kariakoo wanauza vitenge au vipuri vya simu, usiku wanaandika. Kinachowaumiza zaidi ya umaskini ni kuwaona wenzao wanapita. Huyu amelipa mtu amwandikie kazi ya chuo, na cheti kapata. Yule amechukua tungo ya mwenzake akaibandika jina lake, na sasa anaalikwa redioni. Wananiuliza: Padre, uaminifu unalipa?

Jibu langu ni kwamba wakati mwingine haulipi mapema, na wakati mwingine haumlipi aliyeutenda. Sitakudanganya kwa kukuahidi kwamba ukivumilia mwaka mmoja utakuwa na jina. Lakini tazama barabara ile ya Makumbusho. Utubora na Karama bado wanasomwa, na kijana wa leo anayetaka kuandika Kiswahili safi bado anaanzia kwa karani yule. Kazi ya kuiba haiwezi kukaa hivyo, kwa sababu haina mwenyewe wa kuitetea.

Bwana Yesu anatufundisha katika Luka sura ya 16 kwamba mwenye uaminifu katika dogo atakuwa nao hata katika kubwa. Kwa Shaaban Robert dogo lilikuwa daftari la forodha, na kubwa lilikuwa daftari la nyumbani. Hakulichoma la kwanza ili apate la pili. Wapo vijana wanaoacha kazi kwa hasira wakisema wanafuata wito, miezi mitatu baadaye hawana kazi wala kitabu. Wapo pia wazee walioshika kazi vizuri wakauzika wito wao, na sasa wamestaafu wanajuta. Njia yake ilikuwa ya tatu, nayo ni nyembamba: kula kwa jasho la kazi moja, na kuitunza nyingine kidogo kidogo, kila siku, bila kuidharau.

Tena kuna mfano ule wa Marko sura ya 4, wa mtu aliyepanda mbegu. Analala, anaamka, na mbegu inakua pasipo yeye kujua namna gani. Kupanda ni kwake. Kulala pia ni kwake, kwa maana kulala ni kumwachia Mungu sehemu isiyo yetu. Wengi tunachoka kwa sababu tunataka kufanya na sehemu ya Mungu: tunafukua mbegu kila asubuhi kuona kama imeota.

Basi wiki hii nakuomba jambo moja. Kama una kazi uliyoianza kwa nia njema ukaiacha, kitabu, masomo, kwaya, au barua ya kumwomba ndugu yako msamaha, itoe ulikoiweka. Usijiwekee ahadi kubwa. Ipe nusu saa kwa siku, baada ya sala ya jioni, kabla simu haijakuchukua. Ukidaiwa haki yako na mtu, mfuate kwa heshima, tena mfuate tena. Na ukiona mwenzako anapita kwa njia ya mkato, mwombee, kisha urudi kwenye mstari wako.

Ee Mungu mwenye majira yote, utujalie mikono isiyochoka kupanda na moyo usiodai kuvuna kabla ya wakati. Uwabariki wote wanaofanya kazi mchana na kutunza kipaji chao usiku. Na matunda yakichelewa kupita siku zetu, uwape furaha wale watakaoyala. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Nakutakia Dominika njema.