Ip Man na mti wake wa mikono tatu

Vijana wetu wa kambi wanaocheza karate na kung-fu wote wanajua jina la Bruce Lee. Sisi wa sendika tunataka wajue pia mwalimu wake, Ip Man, maana wafanyakazi njo walimusimamisha siku alikuwa hana kitu.

Alizaliwa 1893 mu muji wa Foshan, kusini ya China, mu jamaa ya matajiri. Tangu utoto alijifunza Wing Chun, kupigana kwa mikono, karibu-karibu na adui. Kwa mazoezi kule walikuwa na mti: gogo nene, mikono tatu ya mbao na mguu moja. Walichimba shimo inje, wanasimamisha gogo, wanashindilia udongo. Ukiupiga, hautikisike.

Vita na Wajapani ikamaliza mali. Kisha akatumika polisi, na 1949, Wakomunisti waliposhika inchi, akakimbilia Hong Kong. Bibi alibaki Foshan, mpaka ukafungwa, akakufa 1960 bila kuonana naye tena.

Ip Man alikuwa na miaka 56, hana franga. Leung Sheung, mumoja wa wakubwa wa sendika ya wafanyakazi wa restora, akamupokea. Tangu 1950 akafundisha mu nyumba ya sendika, kule Kowloon. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa watu wa restora, wanaoshinda wima muchana kutwa. Filme nyingi zinapita hapo mbio.

Na mti? Hong Kong watu wanaishi mu etaje, chini ni beto. Utachimba wapi? Fundi wa mbao Fung Shek akamutengenezea mwingine: gogo limepitishwa mbao mbili ndefu, zimeshikizwa ku ukuta. Zile mbao zinapinda kidogo, basi ukipiga gogo linarudi nyuma, halafu linakujia. Wengi wakaupenda kuliko ule wa udongo. Lakini mwenye lupango anaweza bado kusimika ule wa Foshan. Achague mti mugumu, apake sehemu ya chini mafuta mazito ju ya muchwa, aweke na kipaa juu, mvua isiupasue.

Mu 1962 watoto wake wawili, Ip Chun na Ip Ching, wakamufikia. Miaka kumi nyuma, kansa ya koo ilikuwa imemukula. Wiki chache mbele ya kufa, tarehe 2 Desemba 1972, walimupiga filme mbele ya mti. Amekonda. Anapita mukono kwa mukono, na filme haina sauti.