Florence Farr: Kutoka Jukwaa la London Hadi Shule ya Jaffna

Ukirudi likizo Nyakahura, kabla hata begi halijatua chini utaulizwa: unasomea nini, na ukimaliza utakuwa nani? Ukishajibu, basi, umejifunga. Ukibadili kozi, utasikia mtoto wa fulani amepotea huko chuoni. Kwa hiyo leo tumtazame mtu aliyebadili njia zaidi ya mara moja.

Florence Farr alizaliwa Kent, Uingereza, mwaka 1860. Baba yake, William Farr, daktari na bingwa wa takwimu, alimpa jina la rafiki yake Florence Nightingale. Binti alisoma Queen's College, London, akajaribu ualimu, akauacha, akaingia kwenye maigizo. Mwaka 1884 aliolewa na mwigizaji mwenzake. Miaka minne baadaye mume akaenda zake Marekani. Talaka ikatoka 1895.

Dada huyu hakukaa kulia. Mwaka 1891 aliigiza katika Rosmersholm ya Ibsen, na 1892 akawemo katika Widowers' Houses, tamthilia ya kwanza ya Bernard Shaw kupanda jukwaani. Mwaka 1894 aliandaa mwenyewe msimu wa michezo pale Avenue Theatre, ikiwemo ya Shaw na ya Yeats.

Shaw alitaka awe nyota. Moyo wake ulikuwa kwingine. Tangu 1890 alikuwa ndani ya Golden Dawn, chama cha siri cha elimu ya roho, akapanda hadi uongozi. Mwaka 1896 akatoa kitabu, Egyptian Magic, juu ya imani na uganga wa Misri ya kale. Shaw aliona kipaji kinapotea bure. Chama nacho kikajaa magomvi, akatoka 1902.

Mwaka 1912, na miaka yake 52, alipanda meli kwenda Ceylon, ng'ambo ya Bahari hii hii ya Hindi. Akawa mkuu wa shule ya wasichana wa Kitamil iliyoanzishwa na Ponnambalam Ramanathan huko Jaffna. Saratani ya matiti ilimuua Colombo, Aprili 1917. Majivu yake yalimwagwa mtoni.

Ualimu alioukimbia ujanani ndio uliomzika. Alilipa gharama: wengi humtaja kama rafiki wa Shaw na Yeats tu. Lakini kila njia aliichagua mwenyewe.

Basi ukiulizwa nyumbani utakuwa nani, jibu kwa adabu. Ila usiape.