Mwenyeheri Isidore Bakanja: Alisamehe, Lakini Hakunyamaza



Mwaka 2020 wengi wetu tuliiona kwenye simu ile video ya Minneapolis, Marekani. Tarehe 25 Mei polisi mzungu, Derek Chauvin, alimkandamiza George Floyd kwa goti shingoni kwa zaidi ya dakika 9 mpaka akafa, watu wakiwa wamesimama pembeni wakimsihi amwachie. Sisi VIWAWA wa huku Matema tulibishana sana kuhusu jambo lile. Mwenzetu mmoja akauliza swali ambalo hakuna aliyelijibu vizuri: Mkristo akionewa na mwenye mamlaka afanye nini, asamehe au ashtaki? Maana kila tukienda kanisani tunaambiwa tusamehe, na kila tukitoka nje tunaambiwa tudai haki zetu.

Nimelibeba swali hilo muda mrefu. Leo nawaletea maisha ya kijana mmoja wa Kongo ambaye, kwa maoni yangu, alilijibu kwa mwili wake mwenyewe. Anaitwa Isidore Bakanja. Hakuwa padre wala mtawa, na hata mwalimu wa dini wa kuajiriwa hakuwa. Alikuwa kibarua tu, saidia fundi.

Alizaliwa kati ya mwaka 1885 na 1890 katika kijiji cha Bokendela, kaskazini-magharibi mwa Kongo, kwa Wamongo. Tarehe kamili ya kuzaliwa hakuna, na hilo tusilishangae; mababu zetu wangapi wana tarehe ya kuzaliwa? Mwaka 1885 nchi yake ilikuwa imekabidhiwa mtu mmoja, Leopold II, mfalme wa Wabelgiji. Mtu huyo hakuwahi kukanyaga Kongo hata siku moja, lakini nchi nzima ilihesabiwa kuwa mali yake. Alichotaka ni pembe za ndovu, na baadaye mpira wa porini. Vijiji vilipangiwa kiasi cha mpira cha kuleta, na vikipungukiwa, wanakuja watu wenye bunduki.

Watu hao waliitwa Force Publique. Ndilo lililokuwa jeshi na ndilo lililokuwa polisi. Maofisa walikuwa Wazungu, askari walikuwa weusi. Chombo chao cha kazi kilikuwa mjeledi wa ngozi ya kiboko iliyokaushwa na kukatwa vipande virefu. Sisi tunaosema Kiswahili hapo hatuhitaji maelezo marefu: mnyama na fimbo vina jina moja.

Na msidhani ni mambo ya mbali huko Kongo. Miaka ileile huku kwetu kulikuwa na Wajerumani, boma lao la Langenburg likiwa kando ya ziwa hili hili, kabla ya kuhamia Tukuyu. Wazee wanaijua hamsa ishirini, yaani viboko 25, adhabu ya siku hizo. Anayeamuru ni mzungu, anayechapa ni askari mweusi, anayelazwa chini ni mweusi. Mzungu akikosa, sheria hiyo haikumhusu. Kwa hiyo babu yangu na babu yako walipomwona mtu wa sare akija kijijini, hawakujiuliza nani kaibiwa aje kusaidiwa. Walijiuliza wakimbilie wapi. Hofu ya namna hiyo mtoto hafundishwi darasani, anaiona tu machoni mwa mama yake.

Turudi kwa Bakanja. Akiwa kijana alikwenda mjini Mbandaka, wakati huo ukiitwa Coquilhatville, akapata kazi ya kusaidia mafundi uashi. Huko alikutana na wamisionari Watrapisti, akajifunza dini, na tarehe 6 Mei 1906 akabatizwa. Akavishwa skapulari ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli, vile vipande viwili vya kitambaa cha kahawia ambavyo wengi wetu tunavyo, vingine vimelala tu kwenye droo. Kwake ilikuwa kama kitambulisho. Mahali ambapo Wakristo walikuwa wachache na kanisa hakuna, watu walimtambua Mkristo kwa rozari yake na skapulari yake.

Mkataba wa kazi ulipoisha alirudi kwao, lakini kijijini hakukuwa na Mkristo mwenzake. Akaondoka tena akatafute mahali pa kusali na wenzake. Akapata kazi ya nyumbani kwa mzungu mmoja, Reynders, mtu wa kampuni ya Kibelgiji iliyonunua mpira. Reynders alipohamishiwa Ikili, Bakanja akaenda naye. Mkubwa wa pale Ikili alikuwa Van Cauter, ambaye wenyeji walimpa jina la Longange.

Longange aliwachukia wamisionari. Sababu si kwamba alichoshwa na nyimbo. Sababu ilikuwa wazi kabisa: wamisionari waliona, na baadhi yao walisema. Watu wa makampuni waliwaona kama majasusi ndani ya nyumba. Bakanja alikuwa na tabia ya kuwafundisha wenzake sala baada ya kazi, Longange akamkataza. Alihofia kijiji kizima kitajifunza kusali na hapatakuwa na mtu wa kufanya kazi. Bakanja alipoona mambo yanakuwa magumu, aliomba ruhusa arudi kwao. Akakataliwa. Naomba msiipite haraka sentensi hiyo. Mtu mzima anaomba kuacha kazi aende nyumbani, anaambiwa hapana, na hana pa kukata rufaa.

Siku moja Longange akaiona skapulari shingoni mwake, akamwamuru aivue. Hakuivua. Akaamuru apigwe viboko 25. Umeiona hesabu? Ni ileile hamsa ishirini.

Kisha ikaja ile siku ya mwaka 1909. Longange akamkuta tena na skapulari yake, akashikwa na hasira, akaing'oa shingoni na kuitupa. Akamwita mtumishi wake, Bongele, amchape. Mjeledi wa safari hii ulikuwa wa ngozi ya tembo, una misumari. Bongele alisita. Akatishwa kwamba asipochapa ataonja yeye, akachapa. Mapigo yalizidi 100, na wapo walioshuhudia wanaosema yalizidi hapo mbali sana. Halafu Bakanja akafungwa minyororo miguuni na kutupwa kwenye kibanda cha kukaushia mpira, mgongo ukiwa umechanika mpaka kwenye mifupa.

Mimi humwaza sana Bongele. Hatujaambiwa mengi juu yake. Mweusi mwenzake, labda walikula chungu kimoja, na mjeledi uko mkononi mwake. Ukoloni ulikuwa na ujanja huo: damu inamwagika, na mwenye amri mikono yake misafi. Baadaye watu wanachukiana wao kwa wao, askari na raia, na mzungu anakaa barazani kama msuluhishi. Tukizungumzia kwa nini watu weusi Marekani hawaamini polisi, au kwa nini bodaboda wa njia ya Ipinda akiona sare anageuza pikipiki hata kama leseni anayo mfukoni, tusianze na jana.

Sasa nakuja kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ambayo kwenye mafundisho mengi huwa inarukwa.

Ilisikika kwamba mkaguzi wa kampuni anakuja. Longange akaogopa, maana mgongo wa Bakanja ulikuwa barua iliyo wazi. Akaamuru apelekwe kijiji kingine, afichwe. Njiani Bakanja akajitenga, akajificha msituni, na akamngoja mkaguzi. Fikiria mtu asiyeweza hata kusimama wima, madonda yanaoza, na yuko radhi kukaa porini ili tu aonekane. Mkaguzi, jina lake Dörpinghaus, alipofika akaona mtu anatoka msituni akijikokota kwa fimbo mbili, mgongo ukinuka, nzi wamemzunguka. Naye alikuwa mzungu. Naye alikuwa mtu wa kampuni ileile. Angeweza kugeuza uso, wangapi waligeuza! Lakini alisimama, akauliza, akasikiliza, akaandika ripoti. Longange alipokuja akitaka kummaliza Bakanja, Dörpinghaus akamzuia, akamchukua mgonjwa kwenda kwake kumtibu.

Kwa hiyo msimulizi wa haki hawezi kusema Wazungu wote walikuwa Longange, kama ambavyo hawezi kusema weusi wote walikuwa Bakanja. Ila tukumbuke pia: kama haki ya mtu inategemea bahati ya kukutana na mkaguzi mwenye moyo, hiyo bado haijawa haki.

Matibabu yalichelewa. Madonda yaliingia uozo, mwili wote ukashikwa. Bakanja alijua anakufa. Akawaagiza waliomzunguka mambo matatu: wakimwona mama yake, wakienda kwa hakimu, au wakikutana na padre, wawaambie kwamba anakufa kwa sababu ni Mkristo. Kuhusu mama na padre hatushangai. Lakini hakimu! Kijana mweusi, kibarua, katika nchi ambayo mahakama zilikuwa za Wazungu, anataka hakimu aambiwe.

Mwishoni mwa Julai 1909 mapadre wawili walifika kwake, wakamwungamisha, wakampa Ekaristi na mpako wa wagonjwa. Walipomhimiza amsamehe Longange, aliwaambia kwamba hana kinyongo naye, na akifika mbinguni atamwombea sana. Alisema hivyo wakati alishaeleza kila kitu kwa mkaguzi, na ujumbe kwa hakimu alishautoa. Kumbe moyoni mwake havikugombana. Msamaha ulikuwa wake yeye na Mungu wake na Longange. Ukweli ulikuwa wa watu wote, wakiwemo vibarua waliobaki pale Ikili ambao kesho wangelazwa chini kama yeye.

Nawaambia haya kwa sababu najua tunavyofanya huku. Mmoja wa vijana wetu aliwahi kupigwa na watu wenye sare, si hapa kijijini, na mahali sipataji. Alitakiwa kwenda hospitali. Hospitali wanataka PF3. PF3 inatoka polisi. Akakaa nyumbani na mkono umevimba siku kadhaa, anakandwa maji ya moto na mama yake, anasema amemwachia Mungu. Wote tukamsifu kwa imani. Baadaye tukaambiana kweli: haikuwa imani, ilikuwa woga, nao ulikuwa na sababu zake. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961, rangi ya anayetoa amri ikabadilika, ila ule mkao wa mwili mbele ya sare haukubadilika kwa siku moja. Kijana huyo hatimaye alikwenda, amesindikizwa na mwenyekiti wa jumuiya na mama yake mdogo, akaandikiwa PF3 na afisa aliyemsikiliza vizuri tu. Watatu wakiingia pamoja kituoni huwa wanasikilizwa tofauti na mmoja anayetetemeka. Na mahali ambapo kituoni hakusikiki, ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, inapokea malalamiko ya raia. Kuiandikia si dhambi wala si kukosa upole.

Na wale wenzetu walioajiriwa polisi, najua mnasoma humu, wengine tumeimba kwaya pamoja. Ninyi si Longange. Lakini kuna siku mtapewa amri kama aliyopewa Bongele. Mwombeeni Bongele, nami nitawaombea ninyi.

Bakanja alifariki tarehe 15 Agosti 1909, sherehe ya Kupalizwa Bikira Maria Mbinguni. Siku hiyo, pamoja na hali yake, aliinuka na kutembea polepole, rozari mkononi, bila kusema neno na mtu, waliomwona wakashangaa. Kisha akarudi kulala, na hapo akakata roho. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, yaani rika letu. Alizikwa na skapulari yake.

Walioyaona yale walihojiwa, maneno yao yakaandikwa, na kwa maneno hayo tunamjua leo. Tarehe 24 Aprili 1994 Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenyeheri mjini Roma, wakati maaskofu wa Afrika wako huko kwenye Sinodi, na wakati Rwanda, nchi jirani ya Kongo na ya kwetu pia, watu walikuwa wakiuawa barabarani kwa sababu ya kabila lililoandikwa kwenye kitambulisho. Wakarmeli humkumbuka tarehe 12 Agosti.