Mkwawa na Ukoo wa Muyinga

Injili Takatifu kama ilivyoandikwa na Mathayo yaanza kwa orodha ya majina. Wamo humo wafalme na wachungaji, wacha Mungu na wakosefu, hata wanawake wageni. Na katika ukoo huo alizaliwa Mwokozi wetu. Basi Mkristo asione haya kuwataja wazee wake waliokufa pasipo ubatizo. Huko Iringa hakuna ukoo unaotajwa kuliko ule wa Muyinga, wala jina kuliko Mkwawa.

Wazee husimulia kwamba mwindaji mmoja mgeni alifika Ng'uluhe, akamwoa binti wa mtwa, akazaliwa Muyinga. Miaka mingi baadaye, katika kizazi chake, akatokea Munyigumba, mwana wa Kilonge, aliyewaunganisha Wahehe kuwa taifa moja. Wahehe walijifunza vita kwa jirani zao Wasangu, watu wa Merere, ambao nchi yao leo imo katika mkoa wa Mbeya. Kisha wakawageuzia silaha zile zile.

Munyigumba alipofariki mwaka 1879, mkwewe Mwambambe alinyakua utawala, na mwana Mkwavinyika, ndiye Mkwawa, akakimbilia Ugogo. Akarudi kwa nguvu, akamshinda adui yake, akajenga ngome ya mawe Kalenga. Alikuwa hodari na mwenye akili. Tena alikuwa mkali, na damu nyingi ilimwagika katika vita vyake. Tusimpambe kuliko ukweli.

Tarehe 17 Agosti 1891, hapo Lugalo, jeshi lake lilikiangamiza kikosi cha Zelewski, Mjerumani. Tarehe 30 Oktoba 1894 Kalenga ikaanguka. Tangu hapo Mkwawa aliishi porini akisakwa, na Merere alikuwa upande wa Wajerumani. Nduguye Mpangile, aliyewekwa nao atawale, walimnyonga mwaka 1897. Ziliahidiwa rupia 5,000 kwa atakayemleta Mkwawa, lakini watu wake hawakumtoa. Tarehe 19 Julai 1898, huko Mlambalasi, adui walipomkaribia, alijipiga risasi. Wakamkata kichwa.

Naye angali porini, Mababa Wabenediktini walikuwa wamekwisha fungua misioni Tosamaganga, mwendo mfupi kutoka Kalenga. Mwaka 1919 wakaja Wamisionari wa Konsolata kuendeleza kazi. Wahehe waliobatizwa huko hawakuacha kuwa wajukuu wa wapiganaji wa Lugalo. Maji ya ubatizo huondoa dhambi, hayafuti ukoo.

Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliamuru fuvu la Mkwawa lirudishwe, lakini miaka mingi ilipita bure. Hatimaye Gavana Twining alilichagua fuvu moja huko Bremen, kwa kuwa vipimo vyake vililingana na vya ndugu wa Mkwawa walio hai. Tarehe 19 Juni 1954 alimkabidhi Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, huko Kalenga. Naye Adam Sapi mwaka 1962 akawa Spika wa Bunge. Wako wataalamu wanaoshuku kama fuvu hilo ni lake kweli. Lakini watu wa ukoo walimpokea mzee wao, na jambo hilo lapasa kuheshimiwa.

Je, Mkatoliki aweza kumwombea mtu kama huyu? Kujiua ni kosa zito, na Kanisa halikubadili fundisho hilo. Lakini Kanisa hilo hilo lafundisha kwamba hofu kuu na mateso huweza kupunguza hatia, wala tusikate tamaa juu ya wokovu wa mtu yeyote aliyejiua, kwa maana Mungu anazo njia zake azijuazo mwenyewe. Hukumu si kazi yetu. Kazi yetu ni sala.

Wazazi wapenzi, waiteni watoto wenu jioni moja, mwandike majina ya wazee wenu mpaka mahali kumbukumbu inapokoma: waliobatizwa na wasiobatizwa, wenye sifa na wenye aibu. Mwezi wa Novemba, Kanisa linapowaombea marehemu wote, yapelekeni majina hayo Misani. Mtoto asiyejua ametoka kwa nani, atamshukuruje Mungu aliyemleta hapa alipo?